Kusema "Simamisha" Si Uhaini



Kuna wimbo mmoja tumeimbiwa mpaka masikio yameota sugu: wapinzani wanachelewesha maendeleo. Ukiuliza mkataba uko wapi, unachelewesha. Ukiuliza hela imekwenda wapi, unachelewesha. Ukisema nguzo ya daraja hili ina ufa, basi wewe si mzalendo, umetumwa na mabeberu, una wivu na Mama anavyoupiga mwingi. Na siku hizi wimbo umeongezewa kibwagizo kipya: uhaini.

Leo naujibu wimbo huo kwa kutumia roketi. Ndiyo, roketi. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Novemba 2022 nilikuwa jimbo la Florida, Marekani, kwa mafunzo mafupi. (Na kabla chawa hawajauliza nani alinikatia tiketi: waandaaji wa mafunzo. Haya, tuendelee.) Mwenyeji wangu, Mtanzania mwenzetu anayeishi Orlando, akaniambia, "Dogo, usiku wa leo NASA wanarusha roketi ya kwenda mwezini. Jiandae tuondoke mapema, foleni yake ni kama Mbagala siku ya mvua." Hakutania. Tulifika mji mmoja unaitwa Titusville, tukabanana na maelfu ya watu kando ya mto Indian River. Wazee na viti vyao vya kukunja, watoto wamefunikwa mablanketi, vijana wamekaa nyuma ya pikapu wanakula mahindi ya kukaanga. Ng'ambo ya maji, kama kilomita 20 kutoka tulipokaa, jukwaa la kurushia namba 39B lilikuwa limewashwa taa kama Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga.

Roketi yenyewe ilikuwa ya safari iliyoitwa Artemis I. Urefu wake mita 98, na ikijazwa mafuta uzito wake unafika kama tani 2,600. Haikubeba mtu. Kazi yake ilikuwa kupeleka chombo kiitwacho Orion kuzunguka mwezi na kukirudisha salama, ili siku watakapopanda watu wajue kitu kinafanya kazi. Ilipangwa kuondoka kuanzia saa saba na dakika nne usiku, kuamkia tarehe 16.

Saa saba na dakika nne ikafika. Ikapita. Roketi imesimama pale pale.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Sisi watu wa kando ya mto, wananchi wa kawaida na wageni tusio na hata kitambulisho cha nchi ile, tulijua kwa nini imesimama. Karibu kila mtu alikuwa na simu mkononi, anafuatilia matangazo ya moja kwa moja ya NASA. Tulisikia kwamba kabla ya saa sita usiku valvu moja ya kujazia haidrojeni pale jukwaani ilianza kuvuja. Tukaambiwa mafundi watatu wametumwa chini ya roketi ambayo tayari imejaa mafuta, waende wakakaze nati. Hebu fikirieni: roketi ina haidrojeni ya baridi kali kupita kiasi, tone moja likikosea njia ni moto, na watu watatu wanatembea chini yake na spana. Baadaye tukaambiwa tena kwamba rada moja inayofuatilia usalama wa roketi imepoteza mawasiliano kwa sababu kifaa kimoja cha mtandao kimekufa, kinabadilishwa. Bila rada ile hawaruhusiwi kurusha, kwa sababu roketi ikipotea njia na kuelekea kwa watu ni lazima wailipue hewani.

Hesabu ya kurudi nyuma ilikuwa imesimamishwa kwenye dakika 10. Haikuendelea. Hakuna aliyesema "tumeshachelewa, twende hivyo hivyo, Mungu atasaidia." Mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, alimimina kahawa yake kwenye kikombe akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania akasema anaijua kwa Serengeti. Nikamuuliza kama hakasiriki kukeshea kitu kinachosimamasimama. Akanishangaa. Kwake yeye, roketi iliyosimama ni roketi ambayo bado ipo.

Ilipofika wakati, mkurugenzi wa urushaji, mama mmoja anaitwa Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kushika kiti kile pale NASA, akawauliza wakuu wa vitengo mmoja mmoja: uko tayari, hauko tayari? Kila mmoja anajibu kwa jina la kitengo chake na sauti yake inasikika. Angekuwepo mmoja wa kusema "hapana", roketi isingeondoka. Hakuna upuuzi wa walioafiki waseme "ndiyooo" halafu meza zigongwe na mambo yaishe. "Hapana" ya mtu mmoja inatosha.

Saa saba na dakika 47 usiku ikaondoka. Nuru ilitufikia kwanza, usiku ukawa kama alfajiri, mpaka nikaona kivuli changu kwenye nyasi. Kimya kabisa. Karibu dakika nzima baadaye ndipo sauti ikafika, na ile sauti huisikii kwa masikio, unaisikia kifuani. Watu walilia. Hata mimi, sifichi.

Nimewasimulia hayo ili tuzungumze kuhusu ile dakika ya 10, pale hesabu iliposimama.

Ile haikuwa mara ya kwanza kwa roketi ile kusimamishwa. Walijaribu tarehe 29 Agosti 2022 wakaahirisha, kwa sababu kipimo kimoja kilionyesha injini moja kati ya nne haijapoa inavyotakiwa. Siku ile Makamu wa Rais wa Marekani, Kamala Harris, alikuwa ameshafika Florida kushuhudia. Ameshafika! Wahandisi wakasema hapana, leo haiondoki, na mheshimiwa akarudi bila kuona kitu. Tarehe 3 Septemba wakajaribu tena, haidrojeni ikavuja, wakaahirisha tena.

Sasa niambieni nyie, kwa uaminifu wa moyo: mgeni rasmi ameshafika, kapeti jekundu limetandikwa, ngoma zinapigwa, wanafunzi wametolewa darasani tangu saa 12 asubuhi kushika vibendera juani, mkandarasi yupo, mkuu wa mkoa yupo, halafu anatokea fundi mmoja wa valvu anasema "waheshimiwa, tusimamishe." Fundi huyo jioni analala wapi? Kwetu roketi ile ingeondoka huku inavuja, na anayeuliza kuhusu harufu angeambiwa hapendi nchi yake.

Twende na mfano wa kwetu unaouma. Tarehe 25 Oktoba 2022 serikali yetu ilisaini makubaliano na Dubai kuhusu bandari. Hesabuni siku. Usiku ule nikiwa kando ya mto Florida, makubaliano yale yalikuwa yameshasainiwa wiki tatu. Mimi Mtanzania, mlipakodi, nilijua valvu ipi inavuja kwenye roketi ya Wamarekani, lakini sikujua kilichosainiwa juu ya bandari ya Dar es Salaam, ambayo mjomba wangu kaponda maisha yake akibeba mizigo pale. Wananchi tulikuja kuyasikia mwaka uliofuata, yalipokaribia bungeni. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge likayaridhia. Na tarehe 22 Oktoba 2023 mikataba ikasainiwa Dodoma.

Unaweza kuwa unaunga mkono mwekezaji bandarini au hutaki, hilo ni suala lako. Katika chama chetu wenyewe tumebishana juu yake. Hoja yangu ni ndogo na ni nzito: tulinyimwa dakika ya 10. Hakuna aliyetuuliza tuko tayari au hatuko tayari.

Na jambo hili lina historia ndefu kwetu. Vijana wengi hawajui kwamba Unguja, pale Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wao wa Mercury. Februari 1962, John Glenn alipozunguka dunia, kituo cha Zanzibar kilikuwa mmoja wa mlolongo wa vituo vilivyokuwa vikiwasiliana naye. Nani alikubaliana na Marekani kuhusu ardhi ile? Uingereza, mkoloni. Mzanzibari hakuwa mezani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kikafungwa. Wazee wetu walipigania uhuru ili mambo ya ardhi yetu na bahari yetu yasisainiwe tena juu ya vichwa vyetu. Miaka 60 imepita na bado tunaomba kuona karatasi baada ya wino kukauka.

Sasa najua kuna wanaosoma huku wananyonya meno: "Wewe umekwenda Marekani wiki mbili umerudi unawaabudu." Hapana bwana. Siwaabudu, na nitawaonyesha kwa nini. Wamarekani walijifunza kuisikiliza "hapana" kwa kuzika watu.

Tarehe 28 Januari 1986, pale pale Florida, chombo cha Challenger kiliondoka asubuhi ya baridi kali. Sekunde 73 baadaye kikasambaratika angani. Watu saba wakafa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, na wanafunzi nchi nzima walikuwa wanaangalia kwenye televisheni. Chanzo kilikuwa mpira wa kuzibia maungio ya roketi ya pembeni, uliokakamaa kwa baridi ukashindwa kuziba. Na jambo la kutisha ni hili: usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zile, akiwemo Roger Boisjoly, walisema wazi kwamba kwa baridi hii tusirushe. Walisema "simamisha". Mameneja wao, chini ya shinikizo la ratiba, wakawapuuza wakasaini kwamba mambo ni shwari.

Lakini angalieni kilichofuata. Rais Reagan aliunda tume. Ushahidi ukatolewa hadharani. Mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, kila mtu akaona kwa macho yake tatizo lilikuwa nini. Vyombo vile havikuruka tena mpaka Septemba 1988. Zaidi ya miaka miwili na nusu, nchi tajiri kuliko zote ilisimamisha hesabu.

Sisi tuna Challenger yetu. Inaitwa MV Nyerere.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kile kilipinduka Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Usiku wa kwanza uokoaji ukasitishwa mpaka asubuhi, na siku mbili baada ya ajali akatolewa mtu akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Fikirieni hilo taratibu. Na kabla ya hayo yote, mbunge wa Ukerewe wa wakati huo, aliyekuwa wa upinzani, alikuwa ameshasimama bungeni kulalamikia hali ya kivuko kile. Alisema "simamisha". Kwa akili ya watawala wetu, mtu yule siku ile alikuwa anapiga kelele tu.

Nani kati yenu ameshakaa akasikiliza ushahidi wa ajali ile ukitolewa kwenye televisheni, siku baada ya siku, mpaka tukaelewa nani alipuuza nini? Tulipewa siku za maombolezo, tukapewa hotuba, tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu hajazi watu kwenye kivuko, makamanda. Mungu hakati tiketi ya mtu wa 102.

Hiyo ndiyo bei ya kuichukia "hapana". Hailipwi na anayeichukia. Analipa mama wa Ukara aliyetoka sokoni na kikapu chake.

Twende kwenye hela. Roketi ile niliyoiona ni ghali mno. Machi 2022, miezi minane kabla haijaruka, mkaguzi mkuu wa ndani wa NASA, Paul Martin, alikaa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akawaambia kwamba kila safari moja ya mwanzo itagharimu dola bilioni 4.1, na kwamba gharama hiyo haibebeki. Mfanyakazi wa serikali, anayelipwa na serikali, anasema mradi mkubwa wa serikali hauendi hivi. Hakuitwa msaliti. Roketi ilipoondoka Novemba, bado alikuwa kwenye kiti chake anakagua.

Sasa rudini nyumbani. Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwishoni mwa 2018 alihojiwa akiwa New York akasema kwamba kama ripoti zake zinaonyesha ubadhirifu na Bunge halichukui hatua, huo ni udhaifu wa Bunge. Neno moja tu, udhaifu. Akaitwa kuhojiwa kama mtoto aliyevunja kioo. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo huo akaondolewa, akateuliwa mwingine. Desemba 2022, wiki chache tu baada ya roketi yangu ile, Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume na Katiba. Miaka mitatu baadaye! Mkaguzi alikuwa sahihi, na kiti kilikuwa kimeshakaliwa.

Linganisheni watu hao wawili. Elimu wanayo wote, uzalendo wanao wote. Mmoja alilindwa na mfumo uliojua kwamba anayesema "gharama haibebeki" anaiokoa nchi. Mwingine alikuwa ndani ya mfumo ambao neno la ukweli ni kosa la nidhamu. Ndiyo maana tunalia na Katiba Mpya mpaka sauti zinakauka. Hatutafuti vyeo tu kama wanavyosema. Tunataka fundi wa valvu alale nyumbani kwake salama.

Na mjue, hata kule "hapana" haisemwi na wataalamu peke yao. Julai 1969, siku moja kabla Apollo 11 haijaruka kupeleka binadamu wa kwanza kukanyaga mwezini, mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika nafasi ya Martin Luther King baada ya kuuawa, alikwenda Florida na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu kuandamana. Alisema nchi inayoweza kumpeleka mtu mwezini haiwezi kushindwa kumlisha mtoto mwenye njaa. Mkuu wa NASA wa wakati ule, Thomas Paine, alitoka kwenda kukutana nao uwanjani, kukiwa na manyunyu ya mvua. Akawasikiliza. Akawaambia anaielewa hoja yao, akawaomba wawaombee wanaanga, na familia kadhaa zikapewa nafasi ya kuangalia roketi kutoka eneo la wageni.

Hakuna difenda iliyokwenda pale. Hakuna maji ya kuwasha. Sikukuu kubwa kuliko zote ya taifa lile, dunia nzima inaangalia, na maskini wanaandamana getini, na bosi mkubwa anatoka kuwasalimia. Hilo nalo halimaanishi Marekani ni pepo. Hao hao weusi waling'atwa na mbwa wa polisi mitaani miaka michache nyuma yake. Ninachosema ni kwamba siku ile njia sahihi ilionekana, na inawezekana. Maandamano hayakuzuia roketi. Kilo moja ya mafuta haikumwagika kwa sababu ya Abernathy.

Kwetu mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 mpaka tarehe 3 Januari 2023. Zaidi ya miaka sita nchi ilirushwa bila rada. Tundu Lissu, aliyekuwa akisema "simamisha" kuliko wengi wetu, alimiminiwa risasi mchana kweupe Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa jambo lile. Na Agosti 2023, kwenye joto la suala la bandari, wakili Boniface Mwabukusi, kamanda Mdude Nyagali na Dk. Willibrod Slaa walikamatwa, na neno lililotajwa ni uhaini. Baadaye wakaachiwa kwa dhamana. Uhaini! Kosa ambalo adhabu yake ni kifo, linaning'inizwa juu ya watu waliosema mkataba huu una valvu inayovuja.

Ndugu zangu, mhaini ni nani? Mhaini ni yule aliyeona inavuja akanyamaza kwa sababu anaogopa kupoteza posho. Mhaini ni meneja aliyesaini usiku kwamba baridi si tatizo. Mhaini ni aliyepakia watu zaidi ya 200 kwenye kivuko cha watu 101 na kuweka nauli mfukoni. Anayepaza sauti na kusema "jamani, tusimamishe hesabu tuangalie" huyo ndiye anayetaka chombo kifike.

Na msikubali kudanganywa kwamba kusema hakusaidii. Mmesahau tozo? Julai 2021 wametukata kwenye miamala ya simu mpaka mtu anayemtumia bibi yake elfu 10 kijijini anajiuliza mara mbili. Nani alipiga kelele? Nyie. Mawakala wa simu, mama ntilie, wanafunzi, vijana wa bodaboda kwenye vijiwe. Wakatuambia hatupendi madarasa wala vituo vya afya. Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Serikali haikuanguka. Nchi haikuungua. Hesabu ilisimamishwa, nati ikakazwa kidogo, tukaendelea. Kumbe inawezekana.

Sasa tufanye nini? Maana makala ya kulalamika tu naweza kuisoma hata kwenye daladala.

Kwanza, anzeni chini. Sheria na utaratibu wa nchi hii unataka wananchi wasomewe mapato na matumizi kwenye vijiji na mitaa yao. Ni mara ngapi mwaka huu umesomewa ya mtaa wako? Nenda kwa mwenyekiti, muulize kwa heshima, "Mzee, shikamoo, mkutano wa mapato na matumizi ni lini?" Akikwambia hakuna, rudi na wenzako 10. Wakirudi 10 wakaambiwa hakuna, rudini 50. Hiyo ndiyo rada ya kwanza, na haihitaji kadi ya chama.

Pili, someni. Kila Aprili ripoti ya CAG inawekwa hadharani. Usisubiri mtu akuchambulie kwenye klipu ya dakika moja. Gawaneni kwenye kundi lenu la WhatsApp: wewe halmashauri yetu, wewe maji, wewe barabara. Ukikuta jambo, andika namba ya ukurasa. Kijana mwenye namba ya ukurasa ni hatari kuliko kijana mwenye jiwe, na wao wanalijua hilo.

Tatu, jiandikisheni, mjitokeze kuwa mawakala, mgombee. Uchaguzi wa serikali za mitaa ndiyo mahali ambapo fundi wa valvu anapatikana. Msiwaachie viti vile wanaopiga makofi kwanza na kuuliza baadaye.

Nne, na hili ni letu wenyewe, ndani ya chama. Tusiwe watu wa kudai "hapana" yetu isikilizwe Dodoma huku kwenye vikao vyetu vya kata anayempinga mwenyekiti anaitwa pandikizi. Kama katibu hawezi kuulizwa hela ya mabango, siku tukishika nchi tutawafanyia Watanzania yale yale tunayofanyiwa sisi. Tunataka kubadili namna ya kurusha, hatutaki tu kubadili anayebonyeza kitufe.

Artemis I ilirudi salama baharini tarehe 11 Desemba 2022, baada ya siku 25 na kidogo. Ilisimamishwa Agosti, ikasimamishwa Septemba, ikasimamishwa tena Novemba, na ikafika. MV Nyerere haikusimamishwa hata mara moja siku ile, na watu walibakiza hatua chache tu kukanyaga Ukara.

Basi atakayewaimbia tena wimbo wa kuchelewesha maendeleo, mwambieni hivyo. Kisha mwulizeni mapato na matumizi ya mtaa yanasomwa lini.